Nguruwe wangu na homa ya ini E: ni banda, ni kisima au ni yale maini?

#1 MkulimaWaMlowo
*Jumapili, saa 2:14 usiku*

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa wafugaji na watu wa afya.

Nina miaka 47, nafuga nguruwe hapa Mlowo, wilaya ya Mbozi, tangu 2016. Wiki tatu zilizopita nilianza kuchoka kama mtu aliyeshusha magunia usiku kucha. Chakula hakipiti, nikinusa mafuta ya kukaangia natapika. Siku ya tano mke wangu akaniambia, "Baba Neema, macho yako ya njano." Mkojo nao kama chai ya rangi. Hospitali wakapima: malaria hakuna, homa ya ini B hakuna, C hakuna. Daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza kazi yangu. Kusikia nguruwe, akaandika kitu, damu ikapelekwa mbali. Jibu lilirudi baada ya siku tisa: homa ya ini E.

Sasa nina nafuu. Ila daktari alisema nguruwe wengi duniani wanapata hivi virusi, na hapo ndipo naposhindwa kuelewa. Kama wengi wanavyo, mbona nimewafuga miaka yote hii niugue leo? Na hawa wala kitimoto wote wa Tanzania mbona hawana macho ya njano?

Maelezo mengine: kisima chetu kiko bondeni, kama hatua thelathini kutoka bandani. Samadi naweka kwenye mchicha. Wiki sita hivi kabla ya kuumwa nilinunua watoto sita wa nguruwe. Na mama Neema ana mimba ya miezi sita, ndiyo maana silali.

#2 SitiYaDirishani

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mzee_wa_Fupi

Acha kula mdudu, yaani huyo nguruwe. Uzi umeisha.

#4 MwanaTanga

Sisi wa pwani tulisema zamani mkatuita washamba. Pole lakini, mkuu.

#5 KifaurongoJr

Si ndiyo ile homa ya nguruwe inayofagia mabanda Mbeya na Songwe kila baada ya muda? Mkuu choma banda lote, anza upya.

#6 BwanaMifugoMstaafu

Kifaurongo, usimchomee mtu mtaji wake. Homa ya nguruwe ni kitu kingine kabisa. Ile iliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, inaua nguruwe karibu wote inaowashika, na binadamu haimgusi. Hii ya ini E ni kinyume chake: nguruwe anaipata, anakula, ananenepa, wala huoni dalili. Anayeumwa ni wewe.

Mkulima, hiyo mistari yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Mtoto wa nguruwe anazaliwa, ananyonya, anapata kinga ya mama. Kinga hiyo ikiisha, kwenye miezi miwili mpaka minne, virusi vinamshika. Hapo vinakaa kwenye damu wiki moja au mbili, na kwenye kinyesi anavimwaga wiki tatu hadi saba. Halafu mwili unajisafisha. Kwa hiyo nguruwe mkubwa unayemchinja mara nyingi ameshamaliza zamani. Mwenye hatari ni yule anayefagia banda la hawa wa miezi mitatu akiwa na kandambili na mikono mitupu. Sita uliowanunua walikuwa na umri gani?

#7 MkulimaWaMlowo

Nashukuru mzee. Miezi miwili na nusu. Na ndiyo, nafagia mwenyewe, na ni kandambili kweli. Umeniona?

#8 Mzee_wa_Fupi

😂😂 Amekuona kupitia dirishani.

#9 Nesi_Halima

Naomba tusicheke sana, kuna mjamzito kwenye hii habari.

Nilikuwa Dadaab mwaka 2012, kambi ya wakimbizi upande wa Kenya. Kuanzia Julai mpaka mwisho wa Novemba waliandikishwa wagonjwa wa manjano 339. Walifariki 10, na 9 kati yao ni akina mama waliokuwa wametoka kujifungua. Ni homa ya ini E hiyo hiyo. Na kule hakuna nguruwe hata wa kuchora, wakimbizi karibu wote ni Wasomali. Ilikuwa ni vyoo, mafuriko na maji.

MwanaTanga, nakujibu na wewe hapo hapo.

#10 MwanaTanga

Nimejibiwa, dada. Nakaa kimya kidogo.

#11 OtienoWaBusia

Hapo Nesi umesema kweli. Na Uganda je? Kitgum, 2007 hadi 2009, wagonjwa zaidi ya elfu kumi na vifo kama 160. Huko Waacholi nguruwe wanafuga. Kwa hivyo ile ilitoka kwa nguruwe ikaingia kambini. Mimi huku Busia naona nguruwe wakizurura mpaka jikoni kwa watu, hiyo sishangai.

#12 MtuWaMaabara

Otieno, idadi zako ni sahihi ila hitimisho limeteleza. Virusi vya Kitgum vilisomwa vinasaba, ni jenotaipu ya 1, yaani aina ya kwanza ya virusi hivi kwa vinasaba. Jenotaipu ya 1 na ya 2 ni za binadamu peke yake: kinyesi cha mtu, maji, mdomo wa mtu mwingine. Za 3 na 4 ndizo za nguruwe, nguruwe pori na swala wa Ulaya na Asia, zinazovuka kuja kwetu. Kambi za wakimbizi wa ndani wakati ule watu walikuwa wamebanana, vyoo vichache, visima vichafu. Nguruwe wa Kitgum hakuwa na kosa.

Ndiyo maana swali la Mkulima ni gumu kuliko linavyoonekana. "Homa ya ini E" kwenye karatasi yake haisemi ni ipi. Mkuu, karatasi imeandikwaje hasa?

#13 MkulimaWaMlowo

Imeandikwa "HEV IgM: chanya". Basi.

#14 MtuWaMaabara

Hiyo ni kingamwili ya maambukizi mapya. Inasema umeshikwa karibuni, haisemi na nani. Kujua jenotaipu lazima wakamate chembe za virusi vyenyewe wavisome, na mtu akishaanza kupata nafuu kwenye damu mara nyingi havipo tena. Huenda hutajua kamwe.

#15 DawaZaAsili_Original

Yote hayo ya nini? Chemsha majani ya mpapai na mlonge, kunywa vikombe vitatu kwa siku saba. Nimetibu wengi.

#16 Nesi_Halima

Wengi uliowatibu wangepona hata kwa kunywa maji ya kawaida. Homa ya ini E kwa mtu mzima mwenye afya huisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ini likiwa limeumia ndipo si wakati wa kulimiminia mizizi. Mkulima, kabla ya kuumwa ulikuwa unatumia dawa yoyote?

#17 MkulimaWaMlowo

Aisee. Kuna mzizi wa mgongo nilipewa na mjomba, nilikunywa wiki mbili. Na pombe kidogo, sitaki kudanganya.

#18 Mzee_wa_Fupi

"Kidogo" ya Mbozi naijua mimi.

#19 Nesi_Halima

Basi na hilo libaki mezani. Inawezekana virusi vimekupitia kimyakimya kama vinavyowapitia wengi, ila ini lilikuwa limeshachokozwa na mzizi, ndiyo ukaona njano. Siwezi kuthibitisha, ila siwezi kulitupa pia.

#20 MbongoMarseille
*Jumatatu, saa 5:40 asubuhi*

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye treni. Swali la "mbona wala kitimoto hawaugui" limejibiwa sana huku Ulaya. Wanaugua bila kujua. Uingereza walipima damu ya wachangiaji 225,000 kati ya 2012 na 2013, wakakuta 79 wana virusi wakati huo huo wanaochangia. Ni kama mtu mmoja kwa kila 2,848. Watu wazima wenye afya yao, wamekuja kutoa damu kwa miguu yao.

Huku Ufaransa ndiyo balaa. Nusu ya Wafaransa wana kinga ya E, maana yake walishaugua au walipitiwa. Kuna soseji ya Corsica inaitwa figatelli, inatengenezwa kwa maini ya nguruwe, wengine wanaila bila kuipika. Nilionjeshwa kazini nikasema nimeshiba.

#21 MtuWaMaabara

Ya damu ya Waingereza ni sawa. Ya "nusu ya Wafaransa" naomba nirekebishe. Ni wachangia damu wa kusini-magharibi, eneo la Toulouse, siyo nchi nzima. Na hapo pana kisa ambacho kila anayetaja asilimia za hii homa angekijua. Walipowapima watu wa eneo hilo kwa kipimo cha kampuni moja walipata 16.6 kwa 100. Miaka michache baadaye wakatumia kipimo cha kampuni nyingine chenye kunasa zaidi: 52.5 kwa 100. Watu hawakuwa wameambukizwa mara tatu zaidi. Kilichobadilika ni kipimo.

Kwa hiyo mtu akija na "nchi fulani ina asilimia hii, ile asilimia hii", muulize kwanza ametumia kipimo gani.

Na kwa nguruwe kuna mtego mwingine. Madagaska walipima nguruwe machinjioni: wenye kingamwili 71.2 kwa 100. Ukiishia hapo utakimbia nyama. Lakini wenye chembe za virusi vyenyewe siku ile walikuwa 1.2 kwa 100. Ndicho alichosema Bwana Mifugo: nguruwe wa kuchinjwa ameshapita huko, amebaki na kovu. Wachinjaji wao walikutwa na kingamwili 14.1 kwa 100.

#22 SitiYaDirishani

Kwa hiyo wote wamepita lakini hawapo. Kama wageni wa harusi.

#23 MpishiWaKitimoto

Wakuu, naomba na mimi niseme maana naona biashara yangu inaguswa. Nakaanga kitimoto Dar mwaka wa kumi na moja. Nyama inachemshwa kwanza na chumvi, limao na tangawizi karibu saa nzima, ndipo inaingia kwenye mafuta. Hakuna mdudu wala kirusi atakayetoka mzima humo. Tatizo siyo kitimoto. Tatizo ni nyie mnaochinja nyumbani, mnatoa maini ya moto mnayatupa juu ya mkaa dakika mbili, nje meusi, ndani damu, mnasema matamu.

#24 MkulimaWaMlowo

Mpishi nilikuwa nakwepa kulitaja hilo. Tulichinja mmoja Jumapili ya Matawi. Maini tulikula watatu pale pale, mimi, shemeji na mchinjaji. Hao wawili wazima kama chuma.

#25 BwanaMifugoMstaafu

Kuwa wazima hakusemi kitu, Mbongo ameshaeleza ya wachangia damu. Wapimwe ndiyo tujue.

Ila Mpishi ana hoja kwenye maini. Japani huko Hokkaido waliwahi kununua maini ya nguruwe madukani, paketi 363, saba zikawa na virusi. Marekani 14 kati ya 127. Na mwaka 2015 Japani walipiga marufuku mahoteli kuuza maini mabichi ya nguruwe. Virusi hivi ni vigumu kuliko watu wanavyodhani: nyuzi 56 kwa saa nzima havifi vyote. Kuna waliopima wakasema ndani ya nyama inatakiwa ifike nyuzi 71 kwa dakika 20. Wengine wakakuta vipande vya maini vikichemka au kukaangwa dakika tano inatosha. Vyovyote vile, dakika mbili za mkaani hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

#26 Mwanamke_wa_Bukavu

Samahani wandugu, niko Bukavu. Kwetu Kongo walishapata jenotaipu ya 3 ndani ya nguruwe wa Kinshasa, iliandikwa 2010. Kwa hiyo ile ya nguruwe iko Afrika, siyo ya wazungu peke yao. Lakini hapa kwetu mtu akiwa na manjano wanasema malaria, au wanasema amelogwa. Nani atampima E?

#27 MtuWaMaabara

Dada umegusa penyewe. Kipimo hakipo kwenye hospitali nyingi, kwa hiyo ugonjwa unaonekana haupo.

#28 MwanaTanga

Nimerudi. Swali la kweli, siyo utani. Kama nguruwe ndiye chanzo, sisi tusiomla tungekuwa na kinga kidogo kuliko nyie. Ni hivyo?

#29 Nesi_Halima

Wala. Nenda Misri, vijiji vya Delta ya Nile: zaidi ya nusu ya watu wana kingamwili za E. Na hao 2009 walichinja nguruwe wao karibu wote kwa hofu ya mafua ya nguruwe, ambao hata hivyo walikuwa wa Wakristo wachache wazoa taka. Kule ni maji ya mifereji, na jenotaipu ya 1.

#30 MbongoMarseille

Na ngamia mnamsahau. Ana jenotaipu yake, ya 7. Kuna mgonjwa wa Mashariki ya Kati aliyepandikizwa ini, alikuwa anakula nyama na maziwa ya ngamia mara kwa mara, wakamkuta nayo. Iliandikwa 2016.

#31 Mzee_wa_Fupi

MwanaTanga naona ngamia kakufuata mpaka mlangoni.

#32 MwanaTanga

Tanga tunakula samaki na muhogo, bwana. Mwulize samaki.

#33 KifaurongoJr

Na panya? Nilisoma panya nao wana homa ya ini E. Banda la nguruwe lisilo na panya nani ameliona?

#34 MtuWaMaabara

Kifaurongo leo umepata. Ni kweli, mtu wa kwanza alitangazwa Hong Kong 2018, naye alikuwa amepandikizwa ini. Ni virusi vya ukoo wa karibu, siyo hivi hivi. Kwa Mkulima nguvu ya hoja hiyo naiona ndogo, lakini haijafutika.

#35 OtienoWaBusia

Sasa tuko na watoto wa nguruwe, maini, kisima, mchicha, mzizi wa mjomba, pombe, na panya. Kesi hii hata polisi wangeifunga. Mkulima, majirani wanaochota kwenye hicho kisima wako sawa?

#36 MkulimaWaMlowo
*Jumatano, saa 3:05 usiku*

Samahani kwa kuchelewa, shamba. Otieno umeniuliza jambo ambalo limeniamsha. Jirani upande wa bonde ana kijana wa miaka 19. Mwezi uliopita alikuwa na manjano, wakasema ni malaria kali, akapona. Hawafugi nguruwe, ni Wasabato, hawamli kabisa. Maji wanachota kwangu.

#37 Nesi_Halima

Basi ni kisima. Kijana wa umri huo ndiyo umri unaopigwa na jenotaipu ya 1. Mtu mmoja mgonjwa kajisaidia mahali, mvua imebeba. Mkulima, hapa mimi nasimama upande wa tahadhari kubwa zaidi: maji yote ya mama Neema yachemshwe kuanzia leo, ya kunywa, ya kuoshea mboga na ya kupiga mswaki.

#38 BwanaMifugoMstaafu

Nakubaliana na kuchemsha, sikubaliani na "basi ni kisima" kama vile banda limeachiwa huru. Hatua thelathini, juu ya bonde, mvua za masika. Kinyesi cha hao watoto sita kimeenda wapi? Kisima kinaweza kuwa njia na nguruwe akabaki chanzo. Na umri wa Mkulima: Ulaya wanaougua ile ya nguruwe mpaka kuonekana ni wanaume wa makamo. 47 anaingia humo.

#39 MtuWaMaabara

Na kijana anaweza kuwa alikuwa na homa ya ini A, ambayo ni ya kawaida kwa maji machafu. Au malaria kweli. Hakupimwa.

#40 SitiYaDirishani

Mimi kila nikisoma posti nakubaliana nayo. Nina tatizo.

#41 MkulimaWaMlowo

Kwa mama Neema sasa, hatari ni kiasi gani? Niambieni tu.

#42 Nesi_Halima

Nakuambia bila kukuficha, kaka. Kwa jenotaipu 1 na 2, mjamzito akiambukizwa kwenye miezi mitatu ya mwisho, wanaofariki wanaweza kufika 20 hadi 25 kwa kila 100 wanaougua. Ile ya nguruwe haijulikani kuua wajawazito namna hiyo. Kwa kuwa hatujui yako ni ipi, tunachukulia ni ile mbaya. Aende kliniki wiki hii, awaambie wazi mume alikuwa na E, wamwangalie ini. Wewe usimpikie, usikandie unga, mikono kwa sabuni kila utokapo chooni, na kama mnaweza mtumie vyoo tofauti kwa sasa.

#43 MbongoMarseille

Chanjo ipo, ya Wachina, waliipitisha 2011. Dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini, mara ya kwanza kwenye mlipuko, hata wajawazito walichanjwa.

#44 Nesi_Halima

Ndiyo, ila Mlowo ataipata wapi? Maji ya moto yapo leo.

#45 Mzee_wa_Fupi

Hapa sina utani. Mkulima fuata anayosema Nesi.

#46 MkulimaWaMlowo
*Jumanne iliyofuata, saa 1:30 usiku*

Mrejesho. Mama Neema amepimwa, ini liko sawa, arudi baada ya wiki tatu. Alinicheka tulipofika kwenye kuoshea mboga kwa maji yaliyochemshwa, lakini anafanya. Nimenunua buti na glovu. Banda nimeanza kulihamisha upande wa barabara, chini ya kisima, samadi inakaa shimoni miezi kadhaa kabla ya kwenda bustani, na mchicha wa sasa nimeung'oa wote. Shemeji amekataa kupimwa, anasema asiyeumwa hatafuti ugonjwa. Baba wa yule kijana ameniuliza kama nguruwe zangu ndizo zilizomwumiza mwanawe. Nilimwambia sijui. Hakufurahi, na mimi sikuwa na jibu lingine.

#47 BwanaMifugoMstaafu

Umefanya vizuri. Hao sita sasa wana karibu miezi mitano, wanakaribia kumaliza kumwaga virusi kama walikuwa navyo. Usiingize wengine wadogo kwenye banda jipya kabla hujalikausha.

#48 OtienoWaBusia

Na hao sita unauza? Huku bei imepanda.

#49 MkulimaWaMlowo

Otieno, Busia na Mlowo utawasafirisha na nini? Wanne wameshachukuliwa, wawili nabaki nao.

#50 Mzee_wa_Fupi

Huyo wa Pasaka ijayo mwacheni Mpishi amchemshe.